Baba wa Kitabuni

Jumamosi, 9 Machi

Mhariri amenitumia riwaya tatu mpya nizihakiki kabla ya masika kwisha. Ameniomba nisiwe mkali sana, kwa sababu waandishi wa siku hizi wakikosolewa gazetini hawanipigii mimi simu, wanampigia yeye. Nimemjibu kwamba ukali utategemea kitabu. Amecheka, lakini si kicheko cha furaha.

Jioni nimepita Kibuye kumwamkia Mzee Zacchaeus Mbugua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhakiki, ingawa hakuwahi kunifundisha darasani. Nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu, niliyetoka Bungoma na sanduku moja, na duka lake la vitabu hapa mjini Kisumu ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo mtu angeweza kusoma bila kununua. Alikuwa akinitazama nimesimama pale rafuni hadi nimalize sura, kisha ananiuliza, "Haya, Nekoye, kuna kitu hapo?" Nikijibu ananicheka. Siku aliyoacha kunicheka ndiyo siku niliyojua kwamba ninaweza kuandika uhakiki. Safu yake magazetini waandishi waliisoma wakiwa wameshika roho mkononi.

Sasa presha ya macho imemmaliza. Anaona mlango, anaona dirisha, anaona umbo la mtu. Herufi haoni tena.

"Una vitabu vipya?" akaniuliza hata kabla sijaketi.

"Ninavyo."

"Basi uwe unakuja Jumamosi, unisomee. Mvua ikinikuta hapa bila kitabu nitakuwa mwendawazimu."

Nikamtajia viwili. Cha tatu kimeandikwa na binti yake, Wahu. Nimeona nisikitaje.

Jumanne, 12 Machi

Joto. Insha za kidato cha tatu. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 16 Machi

Tumeanza na riwaya ya kwanza, ya mfanyakazi wa benki Nairobi anayesikia sauti ya marehemu mama yake kila akipanda lifti. Imeandikwa kwa sentensi fupifupi, kama mtu anayetuma ujumbe akiwa safarini. Nilisoma kurasa sitini. Mzee alisikiliza akiwa amelaza kichwa ukutani, kidole kimoja kikigonga mkono wa kiti kila sentensi ilipomchosha. Kiligonga sana.

"Riwaya za siku hizi," akasema nilipopumzika, "kila mtu ana jeraha, hakuna mwenye kazi."

"Huyu ana kazi, Mzee. Yuko benki."

"Umemwona akimhudumia mteja hata mmoja?"

Nikarudi nyuma kurasa kadhaa nikitafuta. Hakuna mteja. Riwaya nzima ina benki isiyo na mteja. Nimelitumia swali hilo katika uhakiki wangu na kumtaja yeye kuwa ndiye aliyeliuliza.

Jumamosi, 23 Machi

Riwaya ya pili ni ya wajenzi wa reli, enzi za Wahindi na Waingereza. Kiswahili chake kimejaa misamiati ya pwani ambayo hata mimi niliitafuta kamusini. Mzee aliipenda. Mimi sikuipenda. Nilisema mwandishi anaandika kama mtu aliyevaa suti ya kuazima kwenda harusini.

"Afadhali suti ya kuazima," akasema. "Wenzake wamekuja na kaptura."

Tulibishana hadi mvua ikapiga. Nyumba ya Mzee haina dari, ni mabati tu, na mvua ya Kisumu haianzi kwa manyunyu. Ikishuka hapo husikii hata sauti yako mwenyewe. Nilifunga kitabu. Tulikaa tu, yeye akielekeza uso dirishani, mimi nikimtazama. Ni mrefu bado. Kola ya shati imepigwa pasi. Anaishi kama mgeni katika nyumba hii, ingawa ameishi humu tangu lile duka liungue.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua. Pasaka ni kesho. Sikwenda.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilipofika leo nilimkuta mama Nabututu, jirani yake, akimtia dawa ya macho. Alikuwa nesi hadi alipostaafu, na mkono wake bado ni wa nesi: hauombi ruhusa. Alipoondoka, Mzee akafuta mashavu kwa leso na kusema:

"Sasa niletee cha tatu."

"Cha tatu kipi?"

"Mwalimu, huyo mhariri wako nimefanya naye kazi kabla hujaanza kuandika magazetini. Hutuma vitatu kila msimu. Na redio ninayo. Nimesikia wakikisifu kitabu cha Wahu wiki nzima."

Nikamwambia sikutaka kumuumiza.

"Mimi ni mhakiki," akasema. "Lete kitabu."

Kitabu kinaitwa *Kufuli la Shaba*. Ni hadithi ya familia yenye duka la vitabu katika mji wa ziwani, na jinsi familia hiyo inavyofukuzwa mjini kwa sababu ya kabila lake, mwaka wa fujo zilizofuata uchaguzi. Wahakiki wa Nairobi wamekiita "sauti mpya", maneno wanayoyatumia wasipokuwa na la kusema. Mimi nimekisoma mara mbili. Sentensi zake ni safi. Mama wa kitabuni yu hai kiasi kwamba nilijikuta nikimjibu. Sura ya saba, ya lori, ndiyo kilele, na sijasoma ukurasa mzuri kama ule kwa muda mrefu. Lakini theluthi ya mwisho inaharibu. Familia inasambaratika, na mwandishi anatuchukua kando kila baada ya kurasa tatu kutueleza kwa nini, na hatumwelewi.

Sijui kwa nini mtu anayeandika vizuri hivyo aanze ghafla kujieleza.

Jumamosi, 13 Aprili

Sura ya kwanza hadi ya sita. Sikuwahi kumwona Mzee akisikiliza hivi. Kidole hakikugonga. Mara moja tu alinikatiza, pale baba wa kitabuni anapowafukuza wateja kwa sababu wameuliza bei kabla ya kuuliza kitabu kinahusu nini. Alicheka kicheko kifupi kupitia puani.

"Mzee, huyu mwenye duka..." nikaanza.

"Mhusika. Mwite mhusika."

Huo ni wimbo wake wa zamani: mwandishi hayumo kitabuni, msimtafute humo. Amewafundisha wahakiki wawili watatu wa nchi hii hivyo, mimi nikiwemo. Mtu akisema mbele yake kwamba riwaya fulani ni maisha ya mwandishi mwenyewe, anamtazama kama aliyekojoa sebuleni.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekutana na mama Nabututu sokoni akichagua omena, wale dagaa wa ziwani. Ameniuliza kama kitabu cha Wahu ni kizuri. Nikamwambia ni kizuri.

"Mimi sijui kusoma vitabu virefu," akasema. "Lakini huyo mtoto nilimjua akiwa na yunifomu. Mama yake alikufa Nakuru, Mzee akaenda kuzika, akarudi siku hiyohiyo. Mtoto hakumsindikiza hata stendi. Tangu hapo simu ni ya Krismasi tu. Sasa eti ameandika kitabu cha baba! Kitabu kinakuwekea dawa ya macho?"

Nilianza kumwona Wahu kama yeye anavyomwona: mtu hodari wa maneno, mvivu wa simu.

Mama Nabututu ndiye aliyemficha Mzee wiki ile ya fujo, yeye na marehemu mumewe. Walimweka stoo, nyuma ya magunia ya mchele wa Ahero. Akalipia omena zake.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilianza sura ya saba saa nane. Watu wamekusanyika na mizigo yao, polisi wako pembeni, lori linangurumisha injini. Nilifika pale baba anapomwinua binti kumpandisha, na mvua ikapiga mabati kama changarawe. Nilijaribu kupaza sauti. Mzee akainua kiganja: acha.

Tulingoja. Haikuacha. Nilirudi nyumbani Migosi nimelowa hadi kiunoni, kitabu nikiwa nimekifunga kwa mfuko wa plastiki wa mkate.

Jumatano, 24 Aprili

Mto Nyando umevunja kingo tena. Barabara ya Pap Onditi imekatika, na wanafunzi wangu wawili wanaotoka huko wameniandikia kwamba nyumba zao ziko ndani ya maji na vitabu vyao pia. Walianza na vitabu. Sijui kama ni kwa sababu ya mapenzi au kwa sababu wananiogopa.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nilikwenda, nikakaa, hatukusoma. Mzee aliniuliza, kwa sauti ya kupigana na mabati, kama lori katika kitabu ni kubwa au dogo. Nikamwambia kwamba kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa vibaya.

Jumatatu, 29 Aprili

Serikali imesema shule hazifunguliwi. Mafuriko.

Jumamosi, 4 Mei

Leo kulikuwa na jua tangu asubuhi, na mjini watu wameanika magodoro hadi juu ya kuta za makaburi. Niliwahi Kibuye kabla ya saa sita nisije nikakatizwa tena.

Nitaiandika sura ya saba kama ilivyo kitabuni, kwa sababu nataka nikumbuke hasa kinachosemwa. Lori limejaa. Mama amepanda, binti amepanda. Kumebaki nafasi moja, ya kukaa upande mmoja wa matako. Baba ameshaweka mguu kwenye tairi ndipo anapomwona bibi mmoja mzee nyuma yake, amebeba kuku. Baba anateremka. Anamwinua bibi na kuku wake. Anawaambia mkewe na bintiye, "Nitakuja na linalofuata." Lori linaondoka, na binti anaona mkono wa baba yake umebaki hewani, haupungi, umesahauliwa tu pale. Lori jingine halikuja.

Nilisoma vizuri. Najua niliposoma vizuri. Nilipomaliza, nje mtu alikuwa akipiga godoro kwa fimbo.

"Rudia hapo anapoteremka."

Nikarudia.

"Lori halikujaa," akasema.

Nilidhani anazungumzia mantiki ya sura. Nikafungua ukurasa wa nyuma kuhakikisha.

"Mzee, hapa anasema..."

"Nasikia anachosema. Nakwambia halikujaa. Pembeni mwa Wahu kulikuwa na nafasi ya mtu mzima kukaa na kunyoosha miguu. Hakukuwa na bibi. Hakukuwa na kuku. Dereva aliniita kwa jina, Mbugua, panda twende. Mimi nikamwambia aende. Ilikuwa Januari. Vitabu vya shule vilikuwa vimefika wiki iliyotangulia, maboksi hayajafunguliwa. Nikaona nikiondoka watayachoma."

"Wakayachoma?"

"Nilikuwa stoo kwa akina Nabututu. Moshi niliuona kupitia tundu la msumari."

Aliyasema haya kwa sauti anayotumia kueleza muundo wa riwaya. Baadaye aliomba chai. Nilipika, tukanywa, tukaongea kuhusu mafuriko.

Jumapili, 5 Mei

Sikuandika jana jambo moja. Nilipokuwa nikiondoka aliniuliza, "Unadhani anakumbuka vibaya? Alikuwa darasa la sita tu." Nikasema watoto hukumbuka vibaya mambo mengi. Akashika wazo hilo kama mtu aliyepewa kiti.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua, na Mzee ana homa, kwa hiyo nimebaki nyumbani kuandika uhakiki. Hautoki.

Kwanza niliandika kwamba sura ya saba ndiyo sura ya kweli kuliko zote. Nikafuta. Nikaandika kwamba ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Nikafuta hilo pia, kwa sababu niliposoma tena nilimwona yule bibi na kuku wake kama sukari iliyomwagwa juu ya chakula. Nilipokisoma mara ya kwanza bibi huyohuyo alinitoa machozi. Maneno hayajabadilika hata moja. Nimebadilika mimi, tena kwa habari ambayo msomaji wa Garissa au Kitui hataipata kamwe. Je, namhakikia nani?

Ningekuwa mwaminifu kwa kanuni niliyofundishwa, ningeandika kama sijui. Tatizo ni kwamba aliyenifundisha kanuni hiyo ndiye aliyenivunjia.

Jumanne, 14 Mei

Wabwire wa maktaba amepiga simu. Kila mwezi huandaa kikao cha vitabu pale maktabani, na sasa amempata Wahu. Atakuja tarehe ishirini na tano.

"Mwalimu, hii itakuwa moto!" akasema. "Na Mzee Mbugua ndiye atafungua mazungumzo. Baba anahakiki binti. Umeshawahi ona?"

Nikamwambia lisiwe hilo. Akaniambia Mzee ameshakubali, na Wahu pia.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikwenda na nia ya kumzuia. Nilimkuta ameketi wima, amenyoa ndevu, homa imekwisha. Sura zilizobaki nilikuwa nimeshamsomea katikati ya wiki. Nikamuuliza atasema nini.

"Nitasema kitabu kina kasoro."

"Mzee, kasoro unayoijua wewe si ya kitabu. Ni yako."

Sijawahi kumwambia neno kama hilo. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya sentensi ikimpendeza.

"Wewe umelalamika theluthi ya mwisho inajieleza mno. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Umejiuliza kwa nini? Mke harudi kwa mumewe. Binti hampigii baba simu. Familia inaoza. Lakini baba wa sura ya saba ni mtu aliyempa bibi kizee nafasi yake! Mtu mwema kiasi hicho hapotezi familia, Mwalimu. Mwandishi ameondoa sababu, halafu anatumia kurasa themanini kuitafuta. Hiyo ni kasoro ya kitabu. Hata ningekuwa nimezaliwa Uchina ningeiona."

Yuko sahihi. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu Machi na yeye amelijibu bila kuona hata herufi moja. Na bado nilitoka pale nikiwa simwamini. Mtu anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu kitabu na awe anajificha nyuma ya usahihi huo.

Jumamosi, 25 Mei

Maktaba ilijaa. Wanafunzi wa chuo, walimu, watu wa makanisa, wasomaji wa Wabwire wa kila mwezi, ambao wengine huja kwa vitabu na wengine kwa mandazi. Nilimleta Mzee kwa teksi na kumkalisha mbele. Mama Nabututu alikuja naye, amevaa gauni la ibada, mkoba mapajani, kama aliyekuja kusikiliza kesi.

Wahu alifika na mvua ya mchana nyuma yake. Sikumtegemea hivyo. Nilimtarajia mtu wa Nairobi, mwenye kujua kamera iko wapi. Ni mwanamke mfupi, ana miwani minene na koti kubwa kuliko yeye. Alimwamkia baba yake kwa mkono. "Baba, habari." "Nzuri. Safari ilikuwaje?" "Nzuri." Kisha kila mmoja akaketi upande wake wa meza, na Wabwire katikati akisugua viganja.

Alisoma ukurasa wa kwanza tu, kwa sauti ya chini, bila madoido. Anasoma kama baba yake alivyokuwa akisoma zamani, akiiacha kila nukta ikae kidogo. Nadhani hajui.

Kisha Mzee akapewa kipaza sauti. Alizungumza vizuri mno. Alimsifu mama wa kitabuni. Aliisifu lugha, akasema hapa kuna mwandishi ambaye hajaazima suti wala hajavaa kaptura, watu wakacheka, na mimi nikajua ameniibia. Halafu akaingia sura ya saba, akasema yale aliyoniambia: baba yule hana uzito, wema wake umeondoa sababu ya kila kinachofuata. Alisema kwa utulivu, kwa hoja, na wanafunzi wakawa wanaandika.

Wahu alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja.

"Ni uhakiki mzuri," akasema. "Nadhani uko sahihi. Nilijua theluthi ya mwisho imenishinda, sikujua kwa nini."

Ingeishia hapo. Wabwire alikuwa ameshaanza kufungua mdomo kushukuru. Lakini kijana mmoja wa chuo aliyeketi dirishani akasimama na kuuliza kama hadithi ile ni ya kweli, kama ilimpata mwandishi mwenyewe.

"Swali hilo ni la kijinga," Mzee akasema kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukacheka, kwa sababu wanaomjua walilingoja jibu hilo. Yeye hakucheka. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Lori halikujaa," akasema.

Watu wengine hawakuelewa. Niliona vichwa vikigeukiana.

"Wahu, ulikuwa mdogo. Umesahau. Lori halikujaa. Kulikuwa na nafasi, nami niliiona. Nilirudi dukani kwa sababu ya maboksi. Huyo bibi hakuwapo. Umemhurumia baba huyo bure."

Mvua ilikuwa imepungua, na katika ukumbi ule wenye dari nzuri kila neno lilisikika. Mama Nabututu aliangalia chini. Wabwire alibaki na mdomo wazi na kalamu juu.

Wahu hakushtuka. Hilo ndilo nililoliona, na ndilo lililonibadilisha mawazo juu yake pale pale. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Najua halikujaa, Baba," akasema. "Nilikuwa ndani yake."

Mzee alikuwa ameelekeza uso upande usio sahihi kidogo, akifuata mwangwi wa spika. "Unajua?"

"Ninajua."

"Basi kwa nini uliandika limejaa?"

"Nilikiandika kitabu hiki miaka minne. Kila asubuhi nilikuwa naamka naketi na huyo mtu. Nilijaribu kuketi na wewe, Baba. Nilijaribu mwaka mzima. Sikuweza." Sauti yake haikupanda. "Ndipo nikamtengeneza mwingine. Huyo ni wangu. Kama ni mwema mno, ni kasoro yangu, iandike, nitaisoma. Lakini usije kuniambia nimesahau."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alikirudisha kipaza sauti mezani kwa kupapasa, kikaanguka, kikapiga kelele, na Wabwire akaruka kukizima. Kisha akatangaza kwamba kuna soda na mandazi upande wa nyuma, karibuni nyote, tafadhali, karibuni.

Katika teksi mama Nabututu alimshika Mzee kiwiko njia nzima.

Jumapili, 26 Mei

Wahu alinipigia baada ya ibada ya kwanza. Hakujua nyumba ya Kibuye iko wapi. Hajawahi kuiona: ya utotoni mwake ilikuwa juu ya duka. Nikampitia hotelini, tukatembea, kwa sababu alitaka kutembea. Aliniuliza kama nimeshaandika uhakiki. Nikamwambia bado. Akasema, "Andika alichosema kuhusu theluthi ya mwisho. Ni kweli." Nikamwambia nitaandika kama maoni ya Mzee Mbugua na nitawaambia wasomaji kwamba ni baba wa mwandishi, waamue wenyewe. Akaonekana kuridhika.

Nilitaka niwaache mlangoni. Mzee akasema, "Mwalimu, ingia, wewe si mgeni," na nadhani aliniomba niwepo. Mama Nabututu alileta chai ya maziwa na viazi vitamu, akamtazama Wahu juu hadi chini, kisha akamjazia kikombe hadi pomoni. Akatoka.

Walizungumza mambo madogo. Dawa ya macho. Kaburi la mama yake Nakuru, ambalo mvua imelitia ufa. Mzee akasema atakwenda waliangalie pamoja, Wahu akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye ataamini atakapoona.

Nilikuwa najiandaa kusimama.

"Nikuulize kitu," Mzee akasema. "Si kuhusu kitabu."

"Uliza."

"Ile nafasi. Baada ya mimi kuondoka. Nani alikaa?"

Wahu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Hakuna," akasema. "Niliweka mkoba wangu wa shule pale. Tulipofika Muhoroni watu wengine wakapanda, wanawake na watoto, lori likajaa kweli, wakawa wanasimama. Wakaniambia niondoe mkoba. Nikawaambia kuna mtu anakuja. Mama akanipiga kofi niuondoe. Nikaukalia. Nikawaambia kuna mtu anakuja, kuna mtu anakuja. Hivyo hivyo, Baba, mpaka Nakuru."

Mzee alinyoosha mkono mahali alipodhani mkono wa Wahu ulipo. Akakosea, akagusa meza. Wahu aliutazama mkono huo kwa muda. Kisha akasogeza kikombe pembeni, akausogeza mkono wake hadi pale ulipokuwa wa baba yake.

Nilichukua vyombo, nikaenda kuvirudisha kwa mama Nabututu.